Harage Juu ya Neno Usilolijua

Editha mjukuu wangu, na ninyi walimu wenzake mnaofundisha darasa la pili na la tatu, daftari mliloniletea nimelipokea. Kalamu mbili pia nimezipokea, moja haiandiki. Mmesema niandike nilivyokuwa nafundisha watu wazima hapa Mollo wasikwame kwenye neno geni, kwa kuwa watoto wenu wakikutana na neno wasilolijua wanasimama pale pale kama ng'ombe aliyefika darajani.

Nimechoka, nasema mapema. Magoti yananiuma, baridi ya mwezi huu imeingia mpaka kwenye meno, na macho yangu yakisoma mstari mmoja yanaomba kupumzika. Kwa hiyo msitegemee mpangilio. Nitaandika linalokuja. Na liko moja ambalo mpaka wiki iliyopita sikuwahi kumwambia mtu, hata babu yenu amekufa hajalisikia. Hilo nitaliandika pia, maana bila hilo haya mengine mtayaona ni ujanja wa bibi kizee na maharage yake.

Shule yangu mimi Yustina ni darasa la nne, kwa masista, upande wa Kaengesa. La nne lenyewe sikulimaliza vizuri, kwa sababu mama alijifungua mapacha nikaitwa nyumbani kubeba mmoja. Serikali ilipotaka watu wazima wote wasome, kila kijiji kilitafuta wanaojua kusoma wakafundishe. Kwetu wanaume waliojua walikuwa na shughuli zao. Nikaitwa mimi, mtoto mgongoni, nikasimamishwa mbele ya watu wa rika la baba yangu. Mzee Melkiori aliniangalia akasema, "Huyu nimemfunga nepi. Leo ananifundisha a?" Watu wakacheka. Nikaanza hivyo hivyo.

Mwanzoni nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nasema mimi, wanasema wao. "Baba analima shamba." "Baba analima shambaaa." Miezi mitatu nikajiona nimefaulu, mpaka siku nilipomsimamia Mzee Melkiori akiwa anasoma. Katika kitabu palikuwa na picha ya jembe, na chini yake neno. Mkono wangu ukafunika picha bila kukusudia. Mzee akanyamaza. Nikamwambia, "Endelea, baba."

"Ondoa mkono, Mwalimu. Umefunika neno."

"Neno liko hapa chini, baba, mbona linaonekana."

"Hilo la chini sijawahi kuliangalia."

Kumbe miezi yote mitatu alikuwa anasoma picha. Msicheke sana. Nendeni kesho mkafunike picha kwenye vitabu vya watoto wenu, ndipo mje kucheka.

Aliyenitoa hapo ni Mwalimu Gervas. Alikuwa msimamizi wetu, anapita vijijini na baiskeli isiyo na breki, anasimama kwa kukanyaga chini. Alikaa nyuma ya darasa akasikiliza, halafu akaniita pembeni. "Yustina, hawa hawasomi. Hawa wanaimba. Wape kitu ambacho hawajakiimba." Nikamwambia wakipewa kitu kipya wanasimama kwenye neno la kwanza gumu, hawaendi. Akasema, "Waambie waliruke. Wafike mwisho wa sentensi, kisha warudi. Maana ya neno inakaa mbele yake na nyuma yake." Nusu ya kwanza niliishika. Ile ya kurudi niliisikia kama mtu anavyosikia matangazo mwisho wa misa, mguu mmoja uko nje.

Na hapo nikaongeza akili yangu. Ninyi mliozaliwa mjini labda hamjashika jembe kwenye intumba. Ni yale matuta yetu ya mviringo. Mvua zikiwa bado zinanyesha, tunalima majani, tunayageuzia chini, tunayafukia na udongo mpaka shamba zima linakuwa vichuguu. Majani yanaoza humo ndani. Msimu unaofuata tunarudi, tunavunja tuta, tunatawanya udongo umekuwa mweusi, tunapanda. Wazee wetu waliishi kwa hiyo. Basi nikawaambia wanafunzi wangu, "Neno gumu ni kama majani. Lifukie, songa mbele. Utakuja kulifukua."

Walifurahi! Mfano wa jembe unaingia kwa Mfipa kuliko sindano. Wakaanza kukimbia. Wanasoma mistari, wakifika penye neno gumu wanasema "nafukia!" wanaruka. Deusdedit, mtani wetu, siku moja alisoma ukurasa mzima akiwa amefukia kila kitu isipokuwa "na" na "kwa". Nikacheka nao. Nikawa nampigia makofi aliyemaliza kwanza. Makofi hayo ninayakumbuka mpaka leo. Niliwapigia waliofukia, sikumuuliza hata mmoja amefukua nini.

Aliyekuwa anapata makofi mengi ni Pelagia.

Pelagia alikuwa mjane. Mumewe, Osward, alikufa kwa homa akamwachia watoto watatu, wa mwisho Anjela, mtoto wa miaka minne, ana kelele kuliko kasuku. Pelagia hakukosa kipindi hata siku ya mvua ya mawe. Alikuwa anasema, "Osward alinisomea kila kitu, na kila kitu alikisoma anavyotaka yeye. Sasa nasoma mwenyewe." Ikawa majirani wana karatasi, wanampelekea Pelagia, siyo mimi. Nilikuwa na kijiwivu kidogo, nisiwadanganye.

Mwaka ule njaa ilibana. Yaliletwa mahindi ya msaada, ya njano, watu wakanung'unika halafu wakala. Ndiyo maana mahindi yenye rangi ngeni hayakumshtua mtu. Mwezi wa pili, ghala likiwa tupu na mahindi ya shambani bado machanga, shemeji yake Pelagia alitoka kibaruani huko bondeni upande wa Ilemba akamletea nusu gunia. Mahindi yana wekundu wekundu kama yamepitishwa kwenye vumbi. Aliyatua, akanywa maji, akaenda zake. Ndani ya gunia mlikuwa na karatasi.

Siku ile tulikuwa tunalima intumba kwenye shamba la Mama Skolastika, jirani yake. Alipika pombe ya ulezi akaita watu, kama desturi, unakuja na jembe lako, ukimaliza unakunywa. Nusu ya darasa langu ilikuwa kwenye mstari ule. Pelagia akasimamisha jembe, akafungua pindo la kitenge, akatoa karatasi.

"Mwalimu, samahani. Hili neno ni nini?"

Nikaichukua. Yalikuwa maneno machache tu. "Tahadhari. Mbegu hizi zimetiwa kiuatilifu. Ni kwa upanzi pekee." Kidole chake kilikuwa juu ya "kiuatilifu".

Wanangu, nilikuwa silijui. Darasa la nne la masista halikuwa na neno hilo. Nililisoma mara mbili moyoni, likakataa, na ya mbele yake sikuyafikia. Nikainua macho. Mzee Melkiori ananiangalia. Deusdedit ananiangalia, ameegemea jembe. Mama Skolastika mwenyewe amesimama. Wote wanangoja Mwalimu aseme. Kinywa kikakauka. Nikamrudishia karatasi, nikaonyesha tuta lililokuwa miguuni pangu, nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Pelagia nawe! Lifukie kama majani haya. Utalifukua mbele."

Mstari mzima uliangua kicheko. Deusdedit akapiga mluzi. "Mwalimu huyo!" Pelagia naye akacheka, akaikunja karatasi, akairudisha kwenye kitenge. Tukaendelea kulima. Kwamba lile neno nilikuwa silijui, hilo ndilo nililomficha kila mtu.

Kesho yake Pelagia aliyaosha yale mahindi, akaona maji yametoka mekundu. Akaosha tena. Akaosha mara ya tatu, maji yakawa meupe. Akasaga, akapika ugali mchana. Yeye alikula kidogo ili watoto washibe. Jua halijainama, wote wanatapika. Wakubwa wawili walitapika wakatulia. Anjela alianza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Deusdedit alimbeba kwenye baiskeli, Pelagia anakimbia nyuma, mimi nyuma ya Pelagia.

Hospitali daktari alitaka kujua mtoto amekula nini. Pelagia akatoa ile karatasi. Daktari akaisoma mara moja tu, uso ukabadilika. "Haya ni mahindi ya kupanda! Yamewekwa dawa ya kuua wadudu. Nani alisoma hii karatasi?"

"Mimi," alisema Pelagia.

Halafu akageuza shingo, akaniangalia. Hakusema kitu. Na mimi, Mwalimu Yustina, sikusema kitu. Nilikuwa nimesimama hapo, nimeshika kanga yake aliyoidondosha njiani.

Siku tatu hatukujua kama Anjela atabaki. Alibaki. Mkono wake wa kushoto hutetemeka hadi leo, akishika kikombe lazima ashike kwa miwili. Pelagia hakurudi darasani. Nilimfuata nyumbani. Nikamkuta anapeta ulezi, akanikaribisha, akanipa kigoda, akanipa maji. Nikamwambia, "Mama Anjela, kesho tuna kipindi." Akasema, "Mwalimu, kusoma nimekufukia." Akaendelea kupeta. Nilikaa na maji yangu mpaka yakapata moto wa mkononi, nikaondoka. Nilichotaka tangu siku ile ni kimoja tu, Pelagia asome tena. Na nilijua kuna neno linalopaswa kutangulia, na kwamba ni mimi wa kulisema. Nikawa kila mwaka nasema nitalisema kesho.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Nassoro, maana ndipo maharage yalipotokea. Alikuwa na duka mjini, la sukari, mafuta, chumvi, na malori mawili. Nilikuwa naenda kumwomba magazeti ya zamani ya kufungia vitu, watu wangu wapate cha kusoma kisichoimbwa. Ananikatia rundo. Vipande vingine havina mwanzo, vingine havina mwisho. Darasa liliwahi kugombana wiki nzima juu ya mwizi mmoja wa ng'ombe, kama alikamatwa au la, kwa sababu mwisho wake ulikwenda na sukari ya mtu.

Siku moja nipo dukani, wateja wamejaa, Mzee Nassoro anasoma barua ya mzigo. Akasimama katikati. Akaweka kidole juu ya neno, na kidole kingine kikawa kinaendelea mstari mpaka mwisho. Akarudi. Akatikisa kichwa. Halafu, mbele ya watu wote wale, mtu mzima mwenye kofia na malori mawili, akapaza sauti kwenda uani, "Zuwena! Njoo umsaidie baba yako, kuna neno hapa silijui!" Zuwena, binti yake wa shule, akaja mbio, mikono ina unga, akasoma, akamwambia. Mzee akasema, "Ahsante mama," akaendelea na barua. Hakuna mteja aliyecheka. Hakuna aliyehamia duka lingine.

Nilimuuliza, "Mzee, huoni haya?"

"Haya ya nini, Mwalimu? Nimesoma Kurani tangu mdogo, na kila aya nimemuuliza maalim maana yake. Neno usilolijua ni mgeni mlangoni. Unaweka alama alipo, unaulizia kwa majirani, usipopata unaita mtu wa ndani. Ukijifanya unamjua, anakuibia."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikilia njiani kama mtoto. Jioni hiyo nilichambua maharage ya kupika, nikayaona yalivyokaa kwenye ungo, moja moja. Kesho yake kila mwanafunzi wangu alipata konzi ya maharage. Nikawaambia, kufukia basi. Ukikutana na neno usilolijua, usisimame, wala usiliruke hivi hivi. Weka harage juu yake, kisha nenda mpaka nukta. Halafu urudi. Hakuna kwenda nyumbani harage likiwa bado kwenye karatasi.

Deusdedit akasema, "Mwalimu, na nikiyala?"

"Yako mabichi. Kula."

Kurudi ndiko kuna kazi, na hapo ndipo niwafundishe ninyi, maana watoto wenu mnawaambia "jaribu kukisia" halafu mnaondoka. Kukisia bila kurudi kuhakikisha ni kucheza kamari. Ukirudi kwenye harage, kwanza waulize majirani. Neno halikai peke yake, limekaa kati ya mengine, na mengine yanasengenya. "Mama alilia kwa simanzi baada ya msiba." Hujui simanzi? Yuko jirani na kilio, yuko jirani na msiba. Hawezi kuwa harusi huyo. Plasida, aliyekuwa hajui hata kuandika jina lake, alilipata hilo kabla ya wote, akasema, "Mimi nimefiwa mara tano, huyo namjua alivyo hata kama jina lake silijui."

Majirani wakinyamaza, menya. Hindi unalimenya maganda kwanza, unatoa na kile kikonyo. Neno nalo lina maganda ya mbele na kikonyo cha nyuma. "Hawakupatikana" lilimkalisha Mzee Melkiori robo saa. Nikamwambia, toa maganda baba, toa moja, toa lingine. Alipofika katikati akapiga meza, "Pata! Kumbe ni pata, amevaa makoti!" Tangu siku hiyo kila neno refu aliliita lenye makoti, na siku za baridi kama hizi alikuwa anasema hata yeye ni neno refu.

Ukishapata unachodhani, chukua neno lako mwenyewe, hata liwe la Kifipa, liweke mahali pale, usome sentensi nzima kwa sauti. Ikisimama, toa harage. Ikichechemea, rudisha harage. Msiwakataze watoto Kifipa hapo. Mtoto ana maneno mengi ya nyumbani, ninyi mnamwambia ayaache nje kama viatu.

Na kama karatasi ni ya dawa, au ya sumu, au ya kuweka dole gumba, hapo hakuna kukisia hata kama sentensi imesimama wima kama mlingoti. Hapo harage linabaki mpaka umempata anayejua. Hili nililisema kila kipindi, miaka yote, mpaka wakawa wananitania, wananiita Mama Harage. Hawakujua kwa nini nalisema nikiwa nimeangalia chini.

Anjela alipokuwa msichana mkubwa, ameshaacha shule kwa sababu ya ule mkono, alikuja mwenyewe kisomoni. Akasimama mlangoni, "Shikamoo Mwalimu. Mama amesema naweza kuja, lakini nikuulize kwanza. Mtu akikutana na neno asilolijua, unamwambia afanye nini?"

Darasa zima likasema kabla yangu, "Harage!"

Nikampa konzi yake. Akayapokea kwa mikono miwili. Mengine yalianguka, akainama akayaokota moja moja, hakuna aliyemsaidia kwa sababu alikuwa hataki. Alisoma mwaka mmoja akajua kuliko mimi. Nilimwuliza mara moja, "Mama yako anasomaga siku hizi?" Akasema, "Mama? Mama hagusi karatasi." Nilikuwa na nafasi ya kusema hata siku hiyo, nikanyamaza.

Basi hayo ni ya zamani. Nimeshaacha kazi, miaka imekwenda. Mwalimu Gervas amekufa, Mzee Melkiori amekufa, Plasida amekufa, Deusdedit amekufa akiwa bado anadaiwa utani na watu. Mzee Nassoro naye Mungu amrehemu. Vijana wakipita hapa wananiambia "mambo vipi, bibi", nawajibu sina mambo, nina miguu. Nilikuwa nimekubali kwamba nitaondoka na jambo langu kifuani. Halafu wiki iliyopita Pelagia akaja.

Alikuja asubuhi, na fimbo yake. Tuna salamu zetu, tunasalimiana kanisani, tunazikana, lakini kuja kwangu na kukaa hajawahi. Nikamtolea kigoda. Hakutaka maji. Akafungua pindo la kitenge, akatoa karatasi iliyotoka kwenye chupa, imechanika chini, na maharage manne.

"Mjukuu wangu kapuliza dawa kwenye maharage jana. Leo watoto wanataka mboga ya majani yake. Nimewaambia mtu asiguse mpaka nisome."

"Usome?"

"Anjela amenifundisha. Mwaka wa ngapi huu, mlango umefungwa. Unafikiri yale maharage alikuwa anakuja kula peke yake?"

Akaitandaza karatasi kwenye goti, akaanza. Anasoma polepole, kidole kinatangulia. Penye neno la kwanza gumu akaweka harage, akaenda mpaka nukta. La pili, la tatu, la nne. Akarudi. La kwanza majirani walimwambia, akaliondoa. La pili alilimenya makoti. La tatu aliweka neno la Kifipa, akasoma kwa sauti, ikasimama. Nilikuwa nimeshika mikono yangu isipige makofi.

Lililobaki lilikuwa kwenye mstari wa mwisho, hapo palipochanika. "Hiki ni kiuatilifu cha kimfumo." Kwenye "kiuatilifu" hakuweka kitu. Alilisoma taratibu, silabi kwa silabi, akasema, "Hili nalijua." Hakuniangalia. Harage alikuwa ameliweka juu ya "kimfumo".

"Nimelimenya," akasema. "Nimepata fuma. Dawa ya kufuma vitambaa?"

"Vya makochi," nikasema. Tukacheka kidogo, tukakohoa.

Kisha akaigeuza karatasi upande wangu. Kidole chake kimekunjamana kama changu.

"Mwalimu. Hili neno ni nini?"

Nililiangalia. Nililisoma mara mbili moyoni. Hapakuwa na mstari wa watu wala majembe, kulikuwa na kuku tu uani, na bado kinywa kilikauka vile vile.

"Sijui, Pelagia," nikasema. "Na siku ile kwa Skolastika pia nilikuwa sijui. Niliona aibu."

Upepo ulitaka kuipeleka karatasi, akaikandamiza kwa kiganja, harage likiwa chini yake.

"Nilijua," akasema. "Nilijua tangu hospitali. Ulivyonyamaza." Halafu akasema, "Nilikuwa nasubiri useme. Nikasema huyu akifa hajasema, nitamsema kaburini." Akajishikiza kwenye fimbo, akasimama. "Haya, inuka. Twende tukaulize."

Tulipanda bajaji mpaka mjini, vizee viwili, Pelagia ameshika ile karatasi iliyokunjwa, harage humo ndani, kama amebeba yai. Duka la Mzee Nassoro sasa linauza pembejeo, na mwenye duka ni Zuwena, yule wa mikono ya unga, naye ana wajukuu. Wateja walikuwa wamejaa. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Zuwena mwanangu, kuna neno hapa hatulijui."

Akaja, akatuamkia, akavaa miwani. "Kimfumo? Hii dawa, bibi, haikai juu ya jani. Inaingia ndani ya mmea wenyewe. Mmea unainywa, inazunguka mpaka kwenye mizizi."

Pelagia akauliza polepole, "Hata nikiosha?"

"Hata ukiosha mara mia, haitoki. Msile kwanza. Subirini siku zipite, ngoja nikuangalizie ni ngapi kwenye chupa nzima."

"Hata mara tatu," Pelagia akasema, siyo kwa Zuwena.

Zuwena akaenda kuitafuta chupa. Pelagia akaikunjua karatasi juu ya meza ya duka, akaliondoa lile harage, akashika mkono wangu, akaliweka kiganjani, akakifunga kwa vidole vyangu mwenyewe.

Liko hapa, Editha, kando ya daftari. Nimechoka kuandika. Kalamu yenu hii nayo imeanza kugoma. Kesho mkiingia darasani mtoto atasimama kwenye neno, atainua macho akuangalie wewe, na darasa lote litakuangalia. Kama hulijui, mwambie "sijui", mwende wote mkaulize. Mimi neno hilo moja limenichukua maisha mazima kulisema, na lina silabi tatu.